Magazeti ya Nyota ya Mwalimu Nyambura

Timbwani, Likoni

Mwanangu Rukia,

Nguo umezipanga mwenyewe, na dawa yako ya pumu nimekuona ukiitia mkobani. Habari za baridi ya Nairobi na vyakula vya chuoni umeshaambiwa na shangazi zako wote, wengine mara tatu. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nami nimelikalia miaka miwili. Ukishalisoma huenda usitake kuniandikia kwa muda. Hilo pia nimelifikiria.

Ni habari ya Mwalimu Nyambura. Nilikwambia kwamba ule mwaka wa vurugu, watu wa bara walipofukuzwa Likoni, yeye aliondoka bila kutuaga. Si kweli. Alikuja. Alisimama mlangoni petu mchana kweupe, na mimi ndiye niliyezungumza naye.

Nianze nyuma kidogo, maana ulikuwa mdogo na mengine hukuyaona kwa upande wangu.

Mwalimu alipohamia nyumba ile ya nyuma yetu, wewe ulikuwa darasa la sita. Alikuja na mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Shosho, yaani bibi kwa lugha yao. Vitu vya kwanza kuteremshwa garini havikuwa vitanda. Yalikuwa masanduku kumi na moja, yale makatoni makubwa ya majani ya chai, yamefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na magazeti ya falaki, mengine yamechapwa kabla mimi sijazaliwa. Padri mmoja mzungu aliyemfundisha shuleni kwao ndiye aliyemwachia ya kwanza, kisha yeye akawa anaandikia watu wa ng'ambo, nao wakimletea yale waliyoyachoka. Nilimwambia baba yako, "Yule mwanamke ana karatasi nyingi kuliko sufuria," tukacheka.

Haukupita muda ukawa wewe ni wa kwake. Ukishaswali Isha wakimbilia uani kwao na ile darubini yake ya mkono, na ukirudi ni Mushtari hivi, Zohali vile, Mwalimu amesema. Nilikwambia siku moja kwamba Kilimia, zile nyota saba, nilikijua zamani, bibi alinionyesha. Ukanijibu, tena kwa adabu, "Ndiyo mama, lakini Mwalimu asema zile si saba, ni mamia." Hukuwa na ubaya. Lakini lilinichoma, nami sikuwa mtu wa kusema linalonichoma.

Wajua mimi nilitolewa shule kidato cha pili, baba yangu alipofariki. Nikajifunza kupiga taipu, nikapata kazi katika ofisi ile ya Changamwe ya kutoa mizigo bandarini. Nilikuwa naona fahari na kazi yangu, ila nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Mpaka siku Mwalimu alipokuja na kisahani cha kung'aa ndani ya bahasha.

"Mama Rukia," akasema, "kazini kwenu kuna kompyuta ya kusoma kitu hiki? Wanakiita sidii."

"Ipo moja, ya mkubwa wetu."

"Nimekaa nacho miezi minne. Naambiwa humu mna miaka ishirini ya gazeti zima. Nakitazama tu kama chungu kilichofunikwa."

Nilimwomba mkubwa wetu, akaturuhusu Jumamosi baada ya saa za kazi. Tulikwenda watatu, unakumbuka. Ukurasa ulipofunguka palikuwa na picha ya Mirihi iliyochorwa kwa kalamu ya risasi na mtu asiyejulikana wa nchi ya baridi. Mwalimu akaweka mkono mdomoni. Toleo lile alikuwa amelitafuta tangu siku zake za chuo.

Siku ile ndipo aliponieleza mimi, si wewe, kwa nini anahangaika. Alisema ziko nyota zinazopanda na kushuka mwangaza kwa miezi na miaka, na maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuzifuata. Waliozitazama waliandika hesabu zao katika magazeti yale. Gazeti likiliwa na mchwa, usiku wa mtu yule umepotea. Na mchwa wa pwani pamoja na umande wa chumvi havina huruma. Huko ng'ambo wako watu walioanza kuzikusanya kurasa za zamani na kuzitia katika kompyuta, wakibadilishana. Wao walikuwa na miaka ambayo yeye hana. Yeye alikuwa na kijarida kimoja kidogo, urithi wa yule padri, ambacho wao wote walikuwa wamekikosa.

Ofisini tulikuwa tumeletewa skana. Basi kila Jumamosi tukawa tunavuka feri na magazeti kumi, kumi na mawili, hadi Changamwe. Nalaza ukurasa kwenye kioo, nafunika, nasubiri taa ipite polepole, nageuza. Ukurasa mmoja ulichukua zaidi ya dakika. Disketi moja ilimeza kurasa tano au sita, ikashiba. Mwalimu alikuwa na haraka, akipindisha kurasa, kwa hivyo ilikuwa kazi yangu, yeye akiandika majina ya disketi. "Una mkono mzuri," aliniambia. Sikumbuki Jumamosi nyingine katika ukubwa wangu nilizozingoja kama zile.

Nakwambia haya usije ukadhani nilikuwa simpendi. Nilimpenda. Na bado, nikirudi nyumbani nikakusikia wasema "Mwalimu amesema," ndani yangu kitu kilijikunja. Vyote viwili vilikuwemo.

Sasa siku yenyewe.

Wewe tulikuwa tumekupeleka Kisauni kwa bibi yako mara tu mambo yalipoanza. Baba yako alikuwa bandarini na hakuweza kurudi, feri ilikuwa haina uhakika. Nilikuwa peke yangu nyumba nzima. Asubuhi kijana mmoja wa mtaa wetu, niliyemjua tangu akitambaa, alipita dirishani akasema bila kusimama, "Mama, mwenye kuwaficha ataungua nao." Sikumwona tena siku ile, ila maneno yake yalibaki sebuleni.

Baada ya Adhuhuri nikasikia hodi. Nilipofungua nilimkuta Mwalimu, na nyuma yake hamali na mkokoteni. Masanduku yote kumi na moja yalikuwa juu yake, na juu ya masanduku alikuwa ameketi Shosho, miguu yake imevimba kama kawaida, ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Mama Rukia, naomba uniwekee haya," Mwalimu akasema.

"Yalete."

Sikusita, mwanangu. Kwa karatasi sikusita hata kidogo.

Ili masanduku yatoke, ilibidi Shosho ateremshwe kwanza. Tulimteremsha sote watatu, tukamweka barazani. Aliomba maji nikampa bilauri, akanywa akanishukuru kwa lugha yao. Hamali akaingiza masanduku mpaka chumbani kwako. Yalipokwisha, Mwalimu akanisogelea.

"Na mama je? Mimi nitakwenda kanisani kwa wenzangu, tunalala pale uwanjani. Lakini yeye miguu haimchukui, na dawa zake zataka mahali pakavu. Ni siku mbili tu, mpaka nipate gari la kutupeleka bara."

Nilitazama njia. Hapakuwa na mtu. Wallahi hapakuwa na hata paka.

"Baba Rukia hayupo," nikasema. "Siwezi kuamua peke yangu."

Katika nyumba hii ni lini nilimngoja baba yako ndipo nikaribishe mgeni? Mwalimu alilijua hilo. Amekula kwetu mara ngapi baba yako hayupo. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa."

Hofu ilikuwepo, sikufichi. Lakini nimejichimba miaka miwili na najua haikuwa hofu peke yake. Nilipomwona yule mwanamke aliyejua kila kitu, ambaye mwanangu alimsikiliza kuliko mimi, amesimama kwangu anaomba, kuna sehemu yangu iliyoona raha. Ilikuwa ndogo sana, lakini ilitosha kunifunga mdomo.

Akauliza, "Rukia yupo?"

"Yuko Kisauni kwa bibi yake."

"Mwambie nimekuja kumuaga. Na asiache kuandika hesabu za ile nyota yetu, mwaka huu itapanda."

Nikamwambia nitakwambia. Tukamwinua Shosho, tukampandisha tena mkokoteni, sasa juu ya mbao tupu, maana masanduku aliyokuwa akikalia yalikuwa ndani kwangu. Bilauri niliichukua nikaiosha.

Baba yako alirudi siku ya tatu. Aliyaona masanduku.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wameondoka."

"Walikuja kuomba kuweka masanduku tu?"

Nikainuka kwenda jikoni. Kesho yake alfajiri alichukua blanketi na mikate akaenda kanisani kuwatafuta. Hakukawia. Alirudi na blanketi lile lile mkononi.

"Yule mama amekufa," akasema. "Usiku wa kuamkia leo. Chini, kwenye majani. Mvua iliwanyeshea."

Akaingia kuoga. Tangu siku ile hajanitajia tena jambo hilo. Huenda wewe uliona tu kwamba baba yako amekuwa mtu wa maneno machache, ukadhani ni uzee.

Uliporudi kutoka Kisauni uliuliza kabla hujavua viatu. Nami nikakujibu, "Ameondoka. Hakuaga mtu. Ametuachia masanduku yake tu." Nilikuona uso ulivyobadilika. Ule usiku ulilichana daftari lako la nyota, na kwa miezi hukutaka hata kuinua macho juu. Ulikuwa ukikaa nami jikoni, ukinisaidia, ukinisikiliza. Nikawa nimekupata tena, na nikanyamaza. Katika yote niliyofanya, hili ndilo lililodumu. Lile la mlangoni lilichukua dakika chache. Hili nililifanya kila siku.

Ofisini Jumamosi zilikuwa tupu. Baada ya kama miezi mitatu nilibeba magazeti kumi nikavuka peke yangu. Hukuniuliza, nami nilikwambia ni kazi ya ofisi. Nililaza ukurasa wa kwanza kwenye kioo, na sikuacha tena mpaka sanduku la kumi na moja. Ikiwa wataka kujua nilifanya kwa nini, sikuwa nikifikiria wale watu wa ng'ambo wala nyota. Nilikuwa sijui kitu kingine chake ambacho bado kingeweza kuokolewa. Kurasa zilizotobolewa na mchwa nilizitia hivyo hivyo na matundu yake. Polepole nikaanza kuzisoma. Kiingereza changu cha kidato cha pili kilipanuka kwa barua za wasomaji, watu wakibishana kwa heshima juu ya kimondo kilichoonekana na watatu tu.

Katika sanduku la nne mlikuwa na daftari la Mwalimu la hesabu zake. Tarehe, nyota, kadirio la mwangaza, na jina la mtazamaji. Nyambura, Nyambura, Rukia, Nyambura, Rukia. Halafu mstari mmoja: Mama Rukia. Kisha nikakumbuka usiku mmoja niliokuja uani kwao kukuita ulale, nikiwa na hasira, naye akanipa darubini akasema, "Hebu tazama hii na ile, ipi ina nguvu?" Nikamjibu, "Hiyo ya kushoto, kidogo." Nilidhani ananichezea ili nikusamehe. Kumbe aliandika. Alinihesabu.

Ule mstari ndio ulionitoa nyumbani. Mwalimu mwenzake wa shule ya huku ndiye aliyenipa habari kwamba yuko Nyahururu, afundisha shule ya msingi. Disketi zote nilikuwa nimezipeleka duka moja mjini, wakanigeuzia ziwe sidii kumi na nne. Mwezi wa sita, niliposema nakwenda Voi msibani, sikwenda Voi.

Nilimkuta anamenya viazi nje ya nyumba yake ya mbao. Amekonda, nywele zimeingia mvi.

"Karibu, Mama Rukia," akasema, kana kwamba nimetokea ua wa pili. Alinipikia chai ya maziwa. Nikampangia sidii mezani, nikamwambia yote yamo, kila ukurasa, hata kijarida cha padri. Aliinua moja akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Umeme haukuwepo katika nyumba ile.

"Umefanya kazi kubwa," akasema.

"Na masanduku yako salama. Nitayaleta kwa treni mpaka Nakuru."

Akairudisha ile sidii pamoja na wenzake. "Wajua kwa nini siku ile nilianza na masanduku?"

"Kwa sababu uliyapenda."

"Niliyapenda. Lakini siku ile ningeweza kuyaacha barabarani. Nilianza na masanduku kwa sababu niliona haya kuanza na mama. Nikajiambia, mwenye kupokea karatasi hatamkataa mtu."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno njia nzima tangu Mombasa. Yalitoka matatu tu. Nikamwomba anisamehe.

"Mimi nimejaribu," akasema. "Siku nyingine naweza. Lakini aliyelala kwenye majani hakuwa mimi. Kwa upande wake siwezi kukujibu."

Tukanywa chai. Akauliza habari zako, nikamwambia umepata nafasi ya chuo, fizikia. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea, kisha ukakazika tena.

"Ulimwambia nini kuhusu mimi?"

Nikamwambia.

Viazi alivyomenya vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi ndani ya karai. "Basi mwambie kweli," akasema. "Akitaka kuja kwangu, aje akijua. Sitaki aje anywe chai yangu huku mimi namfichia mama yake." Akabakisha sidii moja, yenye kijarida, kumi na tatu akanirudishia. "Hizi ni za Rukia. Chuoni watakuwa na mashine."

Ziko chini ya nguo zako, nimezifunga ndani ya leso. Karatasi yenye jina la shule anayofundisha iko pamoja nazo.

Sina wasia wa kukupa juu ya haya. Nimejaribu kuuandika mara mbili, nikaufuta. Najiuliza mwenyewe, ningekuwa na siku ile tena ningefanya nini. Ulimi wataka kusema ningefungua mlango. Sijui, Rukia. Kijana yule bado apita hapa kila siku na hunipa shikamoo, nami huitikia. Najua tu kwamba wewe waenda mahali utakapokuwa mgeni, na kwamba mlango wa mtu mwingine hautakuwa na wajibu wowote kwako, kama vile wangu ulivyojifanya hauna. Pia najua uongo niliokwambia ulikutoa katika kitu ulichokipenda, na kama umekirudia ni kwa nguvu zako, si kwa msaada wangu.

Jioni hii nilimpa baba yako aisome kabla sijaifunga. Alivaa miwani akaisoma barazani, polepole, kwenye habari ya bilauri akasimama muda, kisha akaendelea mpaka mwisho. Nilidhani ataniambia niichane. Badala yake akasema, "Hukuandika kwamba uongo huo na mimi niliujua. Mtoto aliniuliza nami pia, nikamwambia amuulize mama yake. Liandike." Basi nimeliandika, kwa sababu ni kweli.

Asubuhi tutakusindikiza sote wawili mpaka kituoni. Barua hii nitakupa mkononi, na nakuomba usiifungue mpaka basi lipite Mariakani. Si kwa ajili yako. Ni mimi ambaye sitaweza kusimama pale dirishani ukiisoma.

Mama yako,
Mwanaisha